Naenda Kuangalia Maji

Kila anayeshuka Msamvu, stendi ya Morogoro, anatazamiwa kupanda tena. Hapo ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, mkono mmoja ukishika njia ya Dodoma na huko mbele hadi Mwanza, mwingine ukielekea Mikumi, Iringa na Mbeya. Na watu wa Ifakara na Mahenge nao huunganisha hapohapo. Kwa hiyo mtu mzima akishuka na begi moja dogo, akasimama wima bila kukimbilia mlango wa basi lingine, vijana wa stendi huamini amepotea, na humgombania kwa moyo wa kusaidia.

"Bosi, Dodoma hii, inatoka sasa hivi!"

"Siendi Dodoma."

"Iringa, Mafinga, Makambako! Siti ya dirishani, bosi!"

"Siendi Iringa."

"Ifakara? Kilosa? Dumila?"

Nikasema nimeshafika. Walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa tayari ameshika kamba ya begi langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Umefiwa?"

"Hapana."

"Harusi?"

"Hapana."

"Kesi?"

Nikamweleza kwamba naenda mlimani kuangalia maji yanapoanzia.

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akaiachia kamba taratibu, akawageukia wenzake. "Mwacheni mzee, ana mambo yake." Nusu dakika iliyotangulia nilikuwa bosi.

Simlaumu. Hata nyumbani hoja hiyo haikueleweka. Kwetu Tabata, Dar es Salaam, mtu mwenye akili timamu husafiri kwa sababu tatu: kuzika, kuozesha na kugombea urithi. Anayesafiri peke yake, tena kwa nauli yake, kwenda mahali asikojua mtu, ama ana deni ama ana nyumba ya pili. Mke wangu alilishughulikia jambo hilo kwa maswali machache.

"Unakwenda kuangalia nini?"

"Maji."

Akanyoosha kidole kwenye pipa la bluu lililo pembeni ya ua. "Haya hapa. Angalia bure."

Pipa hilo lina historia. Oktoba 2022 mvua za vuli zilipokawia, Mto Ruvu ulipungua kiasi cha kutisha. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo mto ukiwa na afya huweza kutoa lita milioni 466 kwa siku, ikawa inapata kama milioni 300, na Dar ikaingia kwenye mgao. Tulinunua pipa. Ndipo nikaanza kuuliza Ruvu wenyewe unatoka wapi, nikaambiwa unatoka Uluguru. Tangu siku hiyo nikawa nauwazia mlima ule kama mtu anavyomuwazia shemeji anayemlipia kodi ya nyumba: kwa heshima kubwa, na hofu kidogo, na dhamira ya kwenda kumwamkia siku moja.

Nikachagua Novemba, vuli ikiwa imeanza vizuri. Kila mjuzi niliyemuuliza alinishauri niende kati ya Juni na Septemba, njia zikiwa kavu. Ushauri mzuri kwa anayekwenda kuangalia njia.

Ningeweza kupanda treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 humfikisha mtu Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Lakini treni ile inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, na mto unaopitwa kwa kasi hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa umeonwa. Nilitaka kuutazama Ruvu kwa utulivu, kutoka darajani, kabla ya kwenda kuona chanzo chake. Hivyo nikapanda basi Mbezi, nikakaa dirishani, upande niliouchagua kwa makusudi. Tulipofika Mlandizi nikafumba macho kidogo ili kuyapumzisha kwa ajili ya kazi iliyo mbele yake. Nilipoyafumbua tulikuwa Chalinze, na mama wa makamo aliyeketi karibu yangu alikuwa ameuhamisha mkoba wake ili kichwa changu kisiendelee kuuegemea.

"Samahani mama, tumeshapita Ruvu?"

"Zamani."

"Ulikuwa umejaa?"

Akasema hajui, yeye alikuwa anaangalia filamu.

Watu wa Morogoro huuita mji wao mji kasoro bahari. Wanamaanisha kila kitu kipo ila pwani, na hulisema hilo kwa uhakika wa watu waliokwisha kufanya hesabu. Mimi naona wanajipunja. Simama Msamvu asubuhi ya vuli utazame kusini: Uluguru umejaa upeo wa macho, kilele cha Lupanga, mita 2,138, kimefichwa na wingu, na wingu lile ni bahari yenyewe. Upepo wa Bahari ya Hindi huyasukuma mawingu bara, yanakuta mlima umesimama njiani, yanalazimika kupanda, yakipanda yanapoa, na yakipoa yanatua mzigo. Miteremko ya mashariki, inayotazama pwani, ina sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Upande wa mjini hupata masalia, nayo si haba. Kisha maji huanza safari ya kurudi. Mto Morogoro unakatiza mjini na kuingia Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu unapita kwenye pampu za Dar. Kinachosalia humwagika baharini karibu na Bagamoyo, tayari kuwa wingu tena.

Mlolongo huo nilikuwa nimeukariri. Niliona ni elimu ya kumpa mgeni heshima akiwa ugenini, na kweli baadaye ulinifaa, ingawa si kwa namna niliyoitarajia.

"Morningside," nikamwambia kijana wa bodaboda.

Akanitazama kuanzia kofia, akashuka polepole, akaishia kwenye raba zangu. Zilikuwa nyeupe. Nilizinunua kwa ajili ya safari hii, na muuzaji aliniapia kwamba ni za kupandia mlima.

"Mzee, na hizi?"

"Zina shida gani?"

"Hazina shida," akasema, akiwasha pikipiki. "Bado."

Tukakata mji, tukapita pande za Boma, lami ikatuaga, na barabara ikasimama. Sijui niseme vipi. Barabara nyingi hulala. Ile ilikuwa imesimama, na sisi tulikuwa tunaikwea. Pikipiki ikalia, ikakohoa, ikanung'unika kwa gia namba moja. Kijana akageuza shingo.

"Shuka kidogo, mzee, tupite hapa kwenye mawe, halafu utapanda."

Nikashuka kidogo. Kile kidogo kikaendelea hadi kona, baada ya kona pakawa na tope, baada ya tope pakawa na mawe mengine. Wakati mmoja nilipanda, tukaenda kama urefu wa uwanja wa netiboli, nikashuka. Mara ya pili sikupanda, niliombwa nisukume. Nikawa nasukuma kwa nyuma, tairi likinirushia udongo mwekundu kifuani, yeye akiwa ameketi juu kwa sababu, alisema, lazima mtu mmoja ashike usukani. Wapita njia walitusalimu wote wawili kwa heshima. Yeye walimwambia "Mambo," mimi wakanipa pole.

Tulipofika mahali ambapo hata kusukuma kulishindikana, akazima injini na kutaja nauli yote, pamoja na nyongeza ya mlima.

"Kijana wangu," nikamwambia, "sehemu kubwa ya njia mimi ndiye niliyeibeba pikipiki."

"Kweli mzee. Lakini petroli ilitumika hata ulipokuwa unasukuma."

Nilimlipa. Hoja ilikuwa na uzito, na mimi sikuwa na pumzi.

Kuanzia hapo nikaenda kwa miguu. Lazima niwasifu wanawake wa Uluguru. Alfajiri huteremka na matenga ya ndizi, mboga na matunda hadi sokoni mjini, na wakishauza huanza kupanda kurudi na mahitaji ya nyumbani. Huo ndio muda niliokuwa barabarani, kwa hiyo nilibahatika kuwaona kwa nyuma, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinipita akiwa na ndoo ya vitu vya dukani kichwani, mtoto mgongoni, na simu sikioni, akimweleza mtu bei ya nyanya kwa sauti isiyotetereka hata kidogo. Akakatisha maongezi akaniambia, "Shikamoo, babu," kisha akarudi kwenye nyanya.

Babu! Nina miaka 50 na kidogo, na hicho kidogo hakimhusu mtu. Lakini hesabu ilikuwa wazi: stendi nilikuwa bosi, kwenye pikipiki mzee, na sasa, mita mia chache juu ya mji, nilikuwa babu. Nikajiuliza nitakuwa nani nikifika kileleni, na kama watanipokea na jeneza.

Kijana mmoja wa sekondari alijitokeza kwenye kichochoro cha migomba akajiunga na msafara wangu. Hakuomba kazi. Alinitazama tu nilivyokuwa nimelikumbatia jiwe, akaamua kwamba mimi ni jukumu lake.

"Babu, unatafuta nini huku?"

"Chemchemi. Maji yanapoanzia."

"Yapo mengi," akasema, kama mtu anayeulizwa kama kwao kuna hewa. "Unataka ya kwetu?"

Nikataka ya kwao. Tukapita kwanza Morningside, nyumba kongwe iliyobaki tangu enzi za Wajerumani, juu zaidi ya mita 1,000, huku mji ukiwa umelala chini kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya pale ni ya kuazima sweta. Unauona mji wote, na Bwawa la Mindu liking'aa pembeni, na ukiwa na macho mazuri unaweza kukisia Msamvu kwa mabasi yake. Nilimuuliza kijana kwa nini anadhani Mjerumani alikuja kujenga mbali kote huko.

"Kwa sababu hakubeba matofali yeye," akajibu.

Sijasoma kitabu cha historia ya ukoloni kilichomaliza jambo haraka hivyo.

Mashamba ya huko yameinama. Ukiachia boga, litakutangulia mjini. Watu wamelima miteremko ile vizazi na vizazi, wakijua ni wapi pa kuacha miti na wapi pa kulaza majani ardhi isichukuliwe. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ikaleta mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani, kwa nguvu zao, bila malipo. Waluguru wakasema ngazi zile zinafukia udongo mzuri na kutoa juu ule mbaya, na kazi haina mwisho. Hawakusikilizwa. Julai 1955 wakasimama, pakawa na ghasia kubwa, na mpango ule ukafa. Kihistoria mimi niko upande wa Waluguru bila masharti. Ila kuna mahali fulani, nikiwa nimeshika mizizi kwa mikono miwili na mguu wa kulia ukitafuta pa kukanyaga bila mafanikio, nilijikuta namkumbuka yule bwana shamba wa kikoloni kwa wema kidogo. Ngazi moja tu ingenitosha.

"Hili shamba la nani?" nikauliza, ili nipumzike kwa kisingizio cha mazungumzo.

"La bibi. Mzaa mama."

"Na babu yako?"

"Babu yupo."

"Nauliza, ana shamba?"

"Babu yupo tu," akasema kijana, kwa mapenzi.

Nikakumbuka kwamba nimeingia katika nchi ambayo ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, nikaacha kuuliza habari za wanaume.

Chemchemi yenyewe ilikuwa chini ya mwamba, katikati ya majani yenye unyevu na mizizi iliyoota ndevu. Sitasema uongo: nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kikubwa zaidi. Mtu hawezi kukaa miaka akiwaza chanzo cha maji ya jiji zima halafu akaonyeshwa mchirizi wenye unene wa kidole gumba unaotoka kwenye jiwe na kupita juu ya gome la mgomba. Nilitarajia hata kibao. Badala yake palikuwa na foleni. Kweli kabisa: madumu matatu ya njano, yamepangwa, la kwanza likijaa taratibu, na kila moja likiwa na mwenyewe anayejulikana. Nimetoka kwenye foleni ya ndoo Tabata, nimesafiri karibu kilomita 200, nimesukuma pikipiki, nimeitwa babu, ili nije kusimama nyuma ya dumu.

Haki nayo isemwe. Mchirizi ule si wa peke yake. Uluguru una maelfu ya namna hiyo, na msitu ulio juu yake, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, huinyonya mvua na kuiachia kidogokidogo hata miezi ambayo mbingu haijasema kitu. Ndiyo maana mto haukauki siku mvua inapokatika. Wingi wa Ruvu ni wingi wa vidole gumba.

Mwenye dumu la kwanza alikuwa bibi mmoja mfupi, kanga mbili, macho makali. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, na papo hapo nikapona. Maji ya pale yana nguvu. Kwa muda wa kuitikia salamu nilikuwa nimeacha kuwa babu. Kijana akamnong'oneza, nikasikia neno "Dar" na neno "kuangalia". Bibi akayatazama mavazi yangu, kisha akatazama mkononi. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji niliyonunua Msamvu. Kwenye karatasi yake palichorwa mlima, na kutoka mlimani palichorwa maporomoko.

"Hayo umeyanunua?"

"Ndiyo, mama."

"Ukayapandisha huku?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

Nikamtajia. Akafikiri. "Kwa bei hiyo mimi nakupa dumu zima," akasema, "na dumu lenyewe."

Nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu. Nikamweleza, kwa mkono na kwa kidole, jinsi maji yake yanavyoingia Mto Morogoro, yakaenda Ngerengere, yakaingia Ruvu, yakafika hadi kwetu. Nikamwambia kwamba watu wa Dar tunamshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mnayapokea," akasema. "Basi mbona hamjawahi kurudisha hata dumu?"

Halafu akanipa masharti. Usifue hapa, usitie sabuni, usipige kelele, usitukane. Wazee walifanya matambiko kwenye maji kama haya tangu zamani, na mlima huu unasikia. Upande wa pili, Kinole, ndiko kwenye ukoo wa machifu waliorithishana jina la Kingalu, watu waliosifika kwa kuiita mvua. Nilimuuliza bibi kama mvua ya leo imeitwa. Akatazama juu, ambako wingu lilikuwa limeshameza miti.

"Hii inakuja yenyewe," akasema. "Ungeshuka."

Nilikuwa na nia ya kushuka. Ila hatua chache chini ya chemchemi kijito kile kinaungana na kingine, maji yanatanda juu ya mawe mapana, na miguu yangu ilikuwa imefanya kazi ambayo haikuajiriwa kuifanya. Nikakaa, nikavua raba, ambazo sasa zilikuwa na rangi ya matofali, nikaziweka juu ya jiwe kavu. Nasisitiza kwamba lilikuwa kavu. Mabadiliko yaliyolipata jiwe lile baadaye hayanihusu. Nikatia miguu majini. Baridi ilipanda hadi kwenye meno. Ndege asiyeonekana alipiga filimbi moja ndefu, na nikamkumbuka tiva wa Uluguru, ndege ambaye dunia nzima hupatikana kwenye milima hii tu. Kwa dakika kadhaa nilikuwa ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote katika Mkoa wa Morogoro.

Kijana ndiye aliyesikia kwanza. "Babu, toa miguu!"

Mvua ilikuwa imenyesha juu yetu kabla ya kutufikia sisi. Maji yakabadilika rangi, yakanenepa, yakapanda juu ya jiwe bila kubisha hodi. Nikadaka raba ya kulia. Ya kushoto ikanyanyuka, ikaelea, ikageuza pua kunitazama mara ya mwisho, ikaondoka. Kijana alitimka nayo, akiruka mawe kama aliyezaliwa juu yake, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Aliishika kwa jicho hadi kwenye kona, kisha akarudi mikono mitupu, akihema kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

"Imeenda wapi?" nikauliza.

"Imeteremka. Si ulisema mto huu unakwenda wapi?"

"Ngerengere," nikasema.

"Halafu?"

"Ruvu."

"Halafu?"

"Dar."

"Basi utaikuta nyumbani," akasema kijana.

Bibi hakucheka. Alijitwika dumu lake, akanitazama mguu uliobaki peku, akasema wageni wengi huacha kitu pale. Wazungu huacha kofia. Kisha akamtuma kijana nyumbani, naye akarudi na ndala moja ya kijani, ya kushoto, iliyoshonwa kamba kwa waya. Ya kulia ilishakatika zamani, lakini bibi hatupi kitu kizima kwa kosa la mwenzake. Nikataka kulipa. Akakataa, akaomba ile chupa tupu. Ina mfuniko mzuri, alisema, itafaa kwa mafuta ya taa.

Kuteremka sikumbuki vizuri, kwa sababu sehemu kubwa sikuteremka kwa miguu. Mvua ilituwahi, udongo ukageuka sabuni, na ndala ya kijani ikawa na mwelekeo wake binafsi. Mwavuli wangu ulifunguka mara moja, ukapinduka, ukabaki na sura ya bakuli, ukinikingia maji na kuyamwaga shingoni yote kwa pamoja. Wale wanawake niliokuwa nimewaona kwa nyuma wakati wa kupanda, sasa wenzao niliwaona kwa mbele, wakipanda kwenye mvua ileile, wamejifunika nailoni, wakicheka mambo yao. "Pole, babu." "Polepole, babu." "Babu, shika huku." Nimepewa pole na wanawake wa tarafa nzima.

Pale lami inapoanzia alikuwapo yule kijana wa bodaboda, amejibanza chini ya mwembe na wenzake. Aliniona nikija, upande mmoja raba, upande mmoja ndala. Hakunisalimu. Alitazama miguu kwa makini, kama fundi anayekagua kazi aliyoitabiri.

"Nilisema bado," akasema.

Alinipeleka hadi mjini, safari hii nikiwa juu ya pikipiki mwanzo hadi mwisho, kwa nusu ya bei niliyolipa kuisukuma.

Sikutaka kupanda basi la Dar nikiwa vile. Kuna maswali ambayo mtu hatakiwi kuulizwa njia nzima na jirani wa siti, hasa ikiwa filamu haivutii. Nikashuka karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, mvua imeanza kupungua, wauza mitumba wakifunua maturubai. Nikampata kijana mwenye rundo la viatu, nikapekua, na katikati ya rundo, kwa rehema za Mungu, nikaona raba nyeupe zinazofanana na yangu. Saizi ileile.

"Hii ya kushoto bei gani?"

"Jozi elfu kumi na tano, mzee wangu."

"Ya kulia ninayo. Nauliza ya kushoto."

Akaniangalia miguu. "Siuzi nusu."

"Nikupe elfu nane, uniachie ya kushoto."

"Halafu mimi nibaki na ya kulia, nimuuzie nani?"

Nikamwambia duniani kuna watu wa kila namna; huenda akatokea mwenye shida kama yangu kwa upande wa pili. Nilisema hivyo kwa kumbembeleza tu, lakini yeye akaacha kupanga viatu, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee, usinichezee. Juzi alikuja mama mmoja hapa, mtu mzima, ametoka huko mlimani, amelowa hivyohivyo ulivyolowa wewe. Yeye alitaka ya kulia tu. Nikamfukuza. Mngekuja siku moja ningewauzia."

"Aliacha namba ya simu?"

"Aliacha."

"Anavaa namba ngapi?"

Akanyanyua kiatu, akakigeuza, akasoma kwenye soli. "Arobaini na mbili."

Nikachukua kiti.